Kutoka getini hadi barabarani: kipande kile ni cha nani?

Machi ya mwaka jana nilisimama mlangoni mwa jiko la bibi mmoja wa mtaani kwetu, Ilemi hapa Mbeya, maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Gunia la mkaa lilikuwa limelowa lote. Ndoo ya unga ilikuwa inaelea, inagonga ukuta polepole. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa chumba cha pili juu ya kitanda, amekumbatia redio yake isilowe.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Nimekaa hapa tangu babu yenu yuko hai. Maji hayajawahi kuingia jikoni kwangu."

Mto haukuwa umefurika. Maji yalitoka nyumba tatu juu yake. Mwezi Novemba, kabla mvua hazijakolea, jirani yetu alikuwa amenunua gari. Akaujaza kifusi mtaro uliopita mbele ya nyumba yake, akalaza humo bomba la plastiki la inchi 6, akamwaga zege na kupanga pevingi nzuri hadi getini. Mtaa mzima tulimsifu, na mimi nikiwemo. Mvua kubwa ya Machi ilipokuja, bomba lile likameza chupa mbili za plastiki na majani ya mgomba, likaziba. Maji yakatafuta pa kupita, na pa kupita palikuwa jikoni kwa bibi. Mwenyekiti wa mtaa alipomwita, jirani alijibu kwa unyoofu kabisa: "Mzee, mimi nimejenga kwangu."

Neno hilo, "kwangu", ndilo limenifanya niandike. Tangu upanuzi wa TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, kuwa njia nne uanze hapa mjini, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi chenye urefu wa kilomita 29, kila kijiwe cha bajaji kina mtaalamu wake wa sheria za barabara. Huyu anasema mita 60, yule anasema 22 na nusu, mwingine anaapa kwamba aliyelipia pango la ardhi hawezi kuguswa. Wengi wao wana kipande cha ukweli, ila wamekiunganisha vibaya.

Kwanza tukubaliane maneno

Kiswahili chetu hakijatulia juu ya jina la ile njia fupi inayotoa gari barabarani na kuliingiza uani. Wengine husema maingilio, wengine kiingilio, wengine njia ya geti. Mimi nitaiita njia ya geti, maana ndivyo mafundi wa huku wanavyoniambia.

Njia ya geti ina vipande viwili, na karibu kila ugomvi niliouona ulitokana na kuvichanganya. Kipande cha ndani kinaanzia kwenye mpaka wa kiwanja chako, penye bikoni, ile alama ya mpima, kuelekea nyumbani. Hicho ni chako, ukikijenga kwa kufuata kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kipande cha nje kinaanzia kwenye mpaka huo hadi mahali magari yanapopita. Hicho si chako hata siku moja, hata kama umekifagia kwa miaka ishirini na maua yaliyopo umeyapanda wewe. Kiko ndani ya hifadhi ya barabara.

Hifadhi ya barabara ni nini? Mwangalie fundi cherehani anayemshonea mtoto sare ya shule. Hakati kitambaa kikaishia pale mguu unapoishia. Anaacha upindo ndani, ili mtoto akirefuka nguo iachiwe. Hifadhi ni upindo wa barabara. Leo haionekani kuwa na kazi. Ni majani, mtaro na kibanda cha vocha. Kesho ndimo zinamopita njia za waenda kwa miguu, mabomba ya maji, nguzo za umeme, na siku moja njia ya pili ya magari. Watu wa Nsalaga, Uyole na Mafiati wanauona upindo huo ukiachiwa kwa macho yao.

Kwa hiyo unapopitisha gari kwenye kipande cha nje unapita kwa ruhusa. Ruhusa ni kitu halali na kizuri, na hakuna mamlaka itakayokataa usifike nyumbani kwako bila sababu. Lakini ruhusa ina mwenye kuitoa, na ina masharti.

Mwenye barabara ni nani?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza, na ndilo watu wengi wanaloliruka. Barabara zetu zina wenyewe wawili wakubwa. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Barabara za wilaya, ambazo ni pamoja na nyingi za mitaani mijini na zile za kwenda vijijini, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Kabla ya hapo halmashauri zenyewe ndizo zilikuwa zinasimamia barabara hizo, na ndiyo maana wazee wengi bado wanakwenda jiji kuuliza mambo ya mtaro, wanaelekezwa ofisi nyingine, wanarudi nyumbani wamekasirika.

Halmashauri haijaondoka kwenye picha. Yenyewe ndiyo inayoshika michoro ya mipango miji na kutoa kibali cha ujenzi. Mchoro wa mtaa ndio unaoonyesha barabara iliyo mbele ya kiwanja chako ina upana gani, hata kama leo imebaki kichochoro cha bodaboda kwa sababu kila jirani amesogeza ukuta kidogo. Kwa hiyo kipande cha ndani na ukuta wako unavijadili na halmashauri, na kipande cha nje unakijadili na mwenye barabara.

Tuchukue Uyole. Hapo barabara ya kutoka Tukuyu na Kyela inaungana na TANZAM, na zote mbili ni barabara kuu. Mwenye nyumba inayotazama mojawapo anakwenda TANROADS. Mwenzake aliye mita mia mbili ndani, kwenye barabara ya vumbi ya mtaa, anakwenda TARURA. Wote ni wa kata moja, na geti zinaweza kufanana kwa rangi, ila kanuni zinazowagusa zinatofautiana sana.

Na mwenyekiti wa mtaa? Namheshimu, na bila yeye mambo hayaendi. Anajua mipaka ya zamani, anaandika barua ya utambulisho, anapatanisha majirani kabla hawajafikishana kubaya. Lakini hana mamlaka ya kukupa kibali cha kujenga ndani ya hifadhi ya barabara. "Mwenyekiti alinikubalia" haitamzuia mhandisi kukuambia uvunje.

Namba 60, na namba 22.5

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009 ziliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60. Hizo 60 ni jumla ya pande zote mbili: 30 kulia na 30 kushoto. Kipimo kinaanzia katikati ya barabara. Upana wote huo unakaribia upana wa uwanja wa mpira. Ukisimama uwanja wa Sokoine hapa Mbeya kwenye mstari wa pembeni ukatazama mstari wa ng'ambo, umeupata. Ukitaka kupima upande wako kwa miguu, hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75, basi mita 30 ni hatua 40. Wengi huanza kuhesabu kwenye ukingo wa lami, wakajinyima mita tatu na zaidi ambazo ni zao. Kipimo cha miguu ni cha kukupa picha tu. Cha kukata neno ni cha mpima.

Kabla ya sheria hiyo, chini ya sheria ya tangu ukoloni ya mwaka 1932, hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande, jumla 45. Ndipo zilipotoka rangi mbili za alama ya X ambazo watu wa kando ya barabara wanazijua vizuri. Nyumba iliyo ndani ya mita 22.5 ilikuwa ndani ya hifadhi hata kwa sheria ya zamani, na hiyo ndiyo huchorwa X nyekundu: mwenyewe anatakiwa kuondoka na hana madai ya fidia. Nyumba iliyo kati ya mita 22.5 na 30 ilijengwa nje ya hifadhi ya wakati ule, kisha mstari ukasogezwa ukaikuta. Hiyo huchorwa X ya kijani, maana mwenyewe alikuwa halali na anastahili fidia eneo lake likihitajika. Nimesikia watu wakisema kijani maana yake "umesamehewa". Sivyo. Maana yake ni kwamba zamu yako ikifika utalipwa, na tangu mstari uliposogea hutakiwi kuongeza jengo jipya humo.

Sasa kuna 60 nyingine, na hii ndiyo imewavuruga watu wa mabondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hizo 60 ni za upande mmoja, na zinaanzia ukingoni mwa maji. Ipogolo pale Iringa, ambako TANZAM inapita karibu na mto Ruaha Mdogo, mtu anaweza kuguswa na 60 zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikitoka barabarani na nyingine ikitoka mtoni. Akiulizia moja tu na kujibiwa "uko salama", anajenga, kisha anashangaa watu wa bodi ya maji ya bonde wanapofika. Reli nayo ina hifadhi yake, kwa hiyo walio karibu na TAZARA wasitumie vipimo vya barabara kupimia reli.

Lakini sikiliza, wewe uliye ndani ya mtaa, ambaye mbele ya geti lako kuna barabara ya vumbi magari mawili hayapishani. Mita 60 hazikuhusu. Nimekutana na mama mmoja wa Iganzo ambaye hakulala wiki nzima kwa sababu ya habari aliyoisikia redioni, na nyumba yake iko mbali kabisa na barabara kuu yoyote. Kwake kipimo ni upana ulioandikwa kwenye mchoro wa mtaa wake. Ofisi ya ardhi ya halmashauri inaweza kumwonyesha, akifika na namba ya kiwanja.

Mtaro ni wa wote walio chini yako

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu huku kwetu milimani njia ya geti ni habari ya maji kuliko ilivyo habari ya magari.

Chukua paa moja la mita za mraba 100, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa inaweza kunyesha yote alasiri moja, inashusha lita 2,000 kutoka kwenye paa hilo. Ni mapipa kumi ya lita 200. Mtaa wenye nyumba thelathini kwenye mteremko mmoja unashusha mapipa 300, kabla hujahesabu nyua, barabara na maji yanayotoka mlimani Loleza. Zamani nusu yake ilikuwa inazama kwenye udongo wa bustani. Sasa tumesakafia nyua zote kwa zege na pevingi, maji hayazami, yanakimbia. Yote yanakimbilia kwenye mtaro ule mmoja ambao jirani yangu aliuwekea bomba la inchi 6.

Na watu hudanganyika na vipenyo. Karavati, yaani bomba kubwa la kupitisha maji chini ya njia, la inchi 24, ambalo ni kama milimita 600, lina upana mara nne ya bomba la inchi 6. Lakini uwazi wa kupitisha maji si mara nne, ni mara kumi na sita. Fanya mwenyewe jikoni: chukua kifuniko cha chupa ya chai na sinia, uone vifuniko vingapi vinaingia ndani ya sinia. Bomba dogo lina ubaya mwingine pia: uchafu unaopita bila shida kwenye karavati kubwa unakwama kwenye dogo. Chupa moja ya maji na tawi moja vinatosha.

Mhandisi akija kwenye njia ya geti yako, jambo la kwanza analotazama ni mtaro. Ukubwa wa karavati haupangwi na ukubwa wa gari lako, unapangwa na maji yanayotoka juu. Mwenye nyumba ya kwanza kileleni anaweza kupewa dogo, na wa mwisho bondeni akaambiwa aweke kubwa mara mbili. Haoni haki, lakini ndivyo maji yalivyo. Karavati linalazwa kwenye sakafu ya mtaro kwa mteremko uleule wa mtaro. Likiinuliwa hata kiganja kimoja, nyuma yake kutakuwa na dimbwi mwaka mzima, na mbu. Linatakiwa kuwa refu kuliko upana wa njia, na kila mwisho lijengewe ukuta mdogo wa mawe, la sivyo udongo wa kando unamomonyoka na kuliziba.

Pale ambapo mtaro umeshajengwa kwa mawe na saruji, usiruhusu fundi abomoe ukingo wake ili gari lishuke taratibu. Nimeona hili mara nyingi mno. Ukingo ukitobolewa mahali pamoja, maji yanapenya nyuma ya ukuta, na msimu wa pili ukuta mzima unalala. Njia nzuri ni vifuniko vya zege vyenye nondo, vinavyowekwa juu ya mtaro na vinavyoweza kunyanyuliwa na watu wawili au watatu. Hapo unaweza kusafisha chini yake.

Jirani yetu naye alirekebisha mwishowe. Alilia gharama, na nilimwelewa, maana pevingi zile alizinunua kwa mkopo. Mafundi walitoa zege, wakachomoa bomba, na ndani yake tukaona matope yamejaa hadi juu, yamekauka kama tofali. Alilaza makaravati ya milimita 600, akaacha sehemu moja yenye kifuniko cha kunyanyua. Pevingi nyingi zilitumika tena.

Na kusafisha ni kwa nani? Mtaro ni wa mwenye barabara, lakini karavati lililo chini ya njia yako uliliomba wewe, na kulizibua ni juu yako. Novemba mapema, kabla mvua hazijaanza, ndiyo wakati wake. Maji ya choo, ya kufulia na ya jikoni hayaruhusiwi kuelekezwa humo, hata usiku.

Kwenye mteremko

Iringa mjini, hasa ukipanda Gangilonga na Wilolesi, na hapa Mbeya kwenye miinuko ya Forest na Isanga, nyumba nyingi ziko juu au chini sana ya barabara. Mwenye nyumba iliyo juu hupenda kuimwaga njia yake moja kwa moja hadi barabarani. Gari linashuka, breki zinateleza kwenye zege lililolowa, na anatokea katikati ya bodaboda. Acha mita kama tano za mwisho kabla ya barabara ziwe karibu tambarare, gari lisimame hapo, dereva aangalie kulia na kushoto. Uso wa zege uchorwe mistari ya kukwaruza kabla haijakauka. Hapo getini, upande wa juu wa mteremko, pawe na mfereji mdogo wa kukingama, wenye wavu wa chuma, ili maji ya uani yaingie mtaroni badala ya kumwagika barabarani na kubeba moramu yote.

Aliye chini ya barabara ana shida ya kinyume: maji ya barabara yanamwingilia. Hutibu kwa kunyanyua kidogo njia pale mpakani kabla haijashuka. Asichoruhusiwa ni kujenga tuta kwenye barabara yenyewe ili kuyageuza maji, wala tuta la kupunguzia magari mwendo mbele ya geti lake. Matuta huwekwa na mwenye barabara tu. Tuta la mtu binafsi lisilo na alama limewaangusha vijana wengi wa bodaboda usiku.

Njia ya kuchangia na jirani

Sehemu kubwa ya mitaa yetu ilijengwa kabla ya kupimwa. Urasimishaji wa makazi ulipopita, majirani walikaa wakakubaliana kila mmoja atoe kipande ili njia ipatikane. Ukishatia saini na mchoro ukapitishwa, kipande ulichotoa si chako tena. Kurudisha ukuta mbele "kwa sababu sikulipwa" ni kuvamia barabara.

Hali nyingine ni pale unapopita ndani ya kiwanja cha mtu kufika kwako. Kupitishwa kwa wema ni wema, na mwenye wema akifariki au akiuza, mnunuzi hana habari na wema huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kupita juu ya ardhi ya mwingine, na ikiandikwa na kusajiliwa inaifuata ardhi hata ikibadilisha mikono. Iandikeni mkiwa bado mnasalimiana. Na kile kibao cha jina la mtaa kilichowekwa wakati wa anwani za makazi mwaka 2022 hakimpi mtu haki ya kupita wala umiliki. Kinasema tu unaishi wapi.

Mkigombana, anzieni mtaani, kisha baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Lisipofanikiwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kijijini, Makete au Rungwe, mambo ya ardhi yanapita kwenye halmashauri ya kijiji, lakini kanuni ya kipande cha nje ni ileile: barabara ikiwa ya TARURA au TANROADS, unaomba kwao.

Ukishaijenga

Geti lifunguke kwa ndani au kwa kuteleza pembeni. Geti linalofungukia nje linakula njia ya waenda kwa miguu, na nimemwona mtoto wa shule akipigwa nalo usoni. Kipande cha nje si maegesho. Gari likilala pale, mama mwenye mzigo kichwani anashushwa barabarani apite kwenye magari. Mchanga na kokoto vya ujenzi vimwagwe ndani. Najua kiwanja ni kidogo, lakini rundo la mchanga kwenye mteremko likinyeshewa usiku mmoja linahamia kwenye karavati la jirani. Ua wa michongoma karibu na geti upunguzwe hadi usawa wa kiuno, ili anayetoka aone na anayepita aonekane.

Pevingi nazo zinahitaji kibali. Watu huniambia, "Si jengo, unaweza kuzing'oa." Kibali hakidaiwi kwa sababu ya ukuta peke yake. Ukichimba, ukijaza au ukisakafia ndani ya hifadhi unagusa mtaro, na unaweza kukata bomba la maji linalohudumia mtaa mzima.

Na siku utakapofungua gereji, sehemu ya kuoshea magari au bohari ya mbolea kwenye nyumba uliyojenga kwa makazi, kibali chako cha zamani hakitoshi. Matumizi ya ardhi yamebadilika, halmashauri inabidi ijue. Na njia iliyopimwa kwa gari dogo mara mbili kwa siku haiwezi kubeba malori ya tani kumi.

Kuomba kwenyewe si kugumu kama kunavyosemwa. Beba nakala ya hati au ya mkataba wa mauziano, barua ya serikali ya mtaa, na mchoro unaoonyesha kiwanja, barabara, mtaro na mahali unapotaka kupita. Mchoro wa mkono ulio safi unatosha kuanzia mazungumzo. Nenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, au meneja wa TANROADS wa mkoa kama ni barabara kuu au ya mkoa. Omba mhandisi aje aone kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Akija, mwulize mambo matatu: kipenyo cha karavati, kina cha kulilaza, na kama kuna mpango wa kupanua barabara hiyo. Walio kando ya TANZAM waulize pia kama maingilio yao yamo kwenye michoro ya mkandarasi, na waulize mapema, kabla tingatinga halijafika. Majibu yote yawe kwa maandishi. Kibali weka pamoja na hati ya nyumba, na nakala moja mpe fundi aishike mkononi siku ya kuchimba, maana wewe utakuwa kazini mtu wa barabara atakapopita kuuliza.